Atakaye Kazi ya Farasi na Aanze Kwatoni

Jioni moja, baada ya bendera kuteremshwa, koplo mmoja kijana alikuja ofisini kwangu. Alisimama wima, akapiga saluti, akasema, "Afande, mkataba wangu unakaribia kwisha. Nataka kufanya kazi ya farasi. Nianzie wapi?"

Nilimwuliza amewahi kumgusa farasi mara ngapi. Akajibu kwa unyofu kwamba hajawahi hata mara moja. Alimwona mmoja kwa karibu, amepandwa na mtalii kando ya Nile karibu na Jinja. Wengine wote amewaona katika picha za magwaride ya ng'ambo, wakiwa wamepambwa, na askari wamekaa juu yao kama wafalme. Sikumcheka. Kijana anayejiuliza mapema atakula nini siku atakapolivua gwanda ni kijana mwenye akili. Lakini nilimwomba anipe muda, kwa sababu swali lake lilistahili jibu lililochunguzwa. Jibu lenyewe ni hili, nami naliandika hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake anayelitaka.

TANDIKO NI MACHACHE

Jambo la kwanza ambalo askari hana budi kulikubali ni kwamba nafasi za kukaa juu ya farasi kwa mshahara wa serikali ni chache duniani. Zamani jeshi lisilo na farasi lilikuwa jeshi nusu. Leo kazi ile imechukuliwa na gari, kifaru na helikopta, na farasi amebaki pale tu ambapo mashine haifai au heshima ya taifa inamhitaji.

Tazama Polisi wa Kifalme wa Kanada, ambao mpanda farasi wao mwenye koti jekundu anajulikana ulimwengu mzima. Tangu mwaka 1966 askari wapya wa jeshi hilo hawalazimiki tena kujifunza kupanda farasi. Waliobaki tandikoni ni kundi dogo linaloonyesha ustadi wake kwa kufuata muziki, nao ni askari waliokwisha kufanya kazi ya kawaida ya polisi kabla ya kujitolea. Huko London nako, wapanda farasi wa polisi hufunzwa mahali paitwapo Imber Court, na hakuna anayeokotwa mtaani akapandishwa farasi. Sharti awe kwanza konstebo wa kawaida anayezifahamu sheria na njia za mji. Jeshi la India lina rejimenti ya 61 ya wapanda farasi, iliyoundwa mwaka 1953 na kuwekwa Jaipur, nayo hutajwa kuwa miongoni mwa vikosi vya mwisho vya namna hiyo.

Barani mwetu hali ni hiyo hiyo. Lesotho, nchi ya milima ambayo hata sehemu yake ya chini kabisa iko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, bado ina polisi ambao jina lao rasmi linawataja kuwa wapanda farasi, na katika vijiji vya milimani farasi ni chombo halisi cha safari. Majirani zetu wa Kenya wana kikosi cha kuzuia wizi wa mifugo chenye makao Gilgil, ambacho kimetumia farasi na ngamia katika nyika ambamo gari hukwama na mwizi hukimbia.

Basi, anayepanga maisha yake juu ya tandiko peke yake amejenga nyumba juu ya nafasi chache zinazogombewa na wengi. Lakini kila farasi mmoja aliye kazini, awe wa polisi, wa mashindano au wa watalii, huhitaji mikono mingine ambayo haionekani katika picha: ya kumlisha, ya kumsafisha, ya kumtibu, ya kumkata kwato na kumpigilia viatu. Huko ndiko kazi iliko, na huko ndiko kijana aanzie.

FUNZO LA MWAKA 1916

Askari wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kwenda mbali kuona jinsi mikono hiyo isivyoweza kukosekana. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi wa Aprili 1916, Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini aliondoka Arusha na brigedi ya askari wapanda farasi, akaelekea kusini hadi Kondoa Irangi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kwa ramani ulikuwa mpango hodari: kumzunguka adui upesi kabla hajajipanga. Mvua kubwa iliwakuta njiani. Chakula cha farasi kikapungua, na ndorobo na magonjwa yakafanya kazi ambayo risasi haikuifanya. Kondoa ilitwaliwa, lakini farasi kwa mamia walikuwa wamekufa barabarani, na askari wengi waliotoka Arusha tandikoni walifika wakienda kwa miguu. Kikosi kilichokuwa kikitegemea mwendo wa kasi kikakwama hapo kwa wiki nyingi.

Katika vita vyote vile farasi, nyumbu na punda walikufa kwa maelfu, na wakubwa wakaleta wengine, nao wakafa. Mzigo ukahamia mabegani pa watu. Wapagazi waliandikishwa kwa malaki, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, kuhara na uchovu. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi hicho cha wapagazi. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Mwaka 1916 punda alikufa, farasi akafa, na ili mzigo ufike ikabidi wafe binadamu.

Maradhi yaliyowaua wanyama wale bado yapo. Nagana huenezwa na ndorobo. Ugonjwa wa farasi wa Afrika husababishwa na virusi vinavyoenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma hasa tangu machweo hadi mapambazuko. Farasi asiyechanjwa akiupata, aghalabu hufa. Lakini punda milia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha ugonjwa. Ndiyo sababu mtunzaji mwenye ujuzi katika nchi zetu huwaingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama na huitunza tarehe ya chanjo kama mlinzi anavyoitunza zamu yake. Chanjo yenyewe ni tunda la kazi ndefu iliyofanywa zaidi katika maabara ya Onderstepoort karibu na Pretoria, iliyofunguliwa mwaka 1908 chini ya daktari wa mifugo Arnold Theiler.

MNYAMA MWENYEWE

Koplo yule alidhani farasi ni ng'ombe mwenye mbio. Dhana hiyo huwaua farasi wengi. Farasi mzima wa kadiri ya kilo 500 ana tumbo dogo kwa mwili wake, lenye kuchukua lita 8 hadi 15 tu. Hacheui kama ng'ombe, na akila kitu kibaya hawezi kutapika. Kwa maumbile ameumbwa ale kidogo kidogo mchana kutwa. Ukimshindilia nafaka nyingi kwa mara moja, au ukimnyima maji, utumbo huziba au hujisokota, na ugonjwa huo wa msokoto unaweza kumwua katika muda wa saa chache. Kwa siku huhitaji kiasi cha kilo 10 za chakula kikavu, sehemu kubwa iwe majani, na lita 25 hadi 50 za maji kwa kadiri ya joto na kazi.

Mtunzaji hujifunza kumsoma mnyama asiyesema. Farasi mzima aliyepumzika moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, huvuta pumzi mara 8 hadi 16, na joto lake ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Anayezijua tarakimu hizi hugundua ugonjwa asubuhi. Asiyezijua huugundua jioni, mnyama akiwa amekwisha kulala chini akigaagaa.

Tena farasi ni mnyama wa kukimbia hatari. Macho yake yako pembeni, huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma kabisa ya mkia. Anayemjia kwa nyuma kimya kimya huomba teke. Mwenye ujuzi humjia upande wa bega la kushoto, akisema naye kwa sauti ya chini, na humgusa kabla ya kumshika. Askari aliyezoea kupaza sauti uwanjani lazima ajifunze kuwa na sauti nyingine bandani.

Juu ya yote ni kwato. Xenophon, askari na mwandishi wa Ugiriki ya kale aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu juu ya farasi na kumwonya mnunuzi aanze kwa kuitazama miguu, kwa kuwa nyumba nzuri haifai kitu ikiwa msingi wake ni mbovu. Ushauri huo haujazeeka. Ukwato huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo kila wiki 6 hadi 8 sharti ukatwe na kusawazishwa kwa tupa, na kama farasi huvaa viatu vya chuma, viondolewe na kupigwa upya. Msumari hupita katika ukuta mgumu usiosikia maumivu. Ukienda kando kwa milimita chache huingia penye uhai, na farasi wa mamilioni ya shilingi huchechemea.

KAZI ZENYEWE

Mlango wa kwanza ni usaisi. Saisi ndiye mtunza farasi wa kila siku. Huamka kabla ya alfajiri, hutoa samadi, hubadilisha matandazo, hulisha, hunywesha, hupiga brashi, hukagua miguu minne mmoja mmoja, husafisha hatamu na tandiko, na usiku hurudi tena kutazama. Farasi hana Jumapili wala sikukuu. Mshahara wa mwanzo ni mdogo mahali pengi, nami sitamdanganya mtu juu ya hilo. Lakini sijui njia nyingine ya kumjua mnyama huyu, na zizi lolote linalojiheshimu humpima mgeni kwa ufagio kabla ya kumpa hatamu.

Mlango wa pili ni ufundi wa kwato. Ni kazi ya mhunzi na ya tabibu kwa pamoja: fuawe, nyundo, koleo na tupa upande mmoja, mifupa na mishipa ya mguu upande wa pili. Waingereza wameiheshimu hata chama cha mafundi hao cha London kikahesabu umri wake tangu mwaka 1356, na sheria ya mwaka 1975 ikakataza mtu asiyeandikishwa kumvisha farasi viatu. Mwanafunzi huko hukaa chini ya fundi kwa muda wa kama miaka 4. Jeshi lao lina shule yake ya mafundi hao huko Melton Mowbray, na fundi akistaafu jeshini huondoka na kazi mkononi. Kwa mtazamo wangu huu ndio mlango unaomfaa zaidi askari wetu mwenye mgongo imara na subira, kwa sababu mpanda farasi huhitaji nafasi, lakini fundi wa kwato huhitajiwa na kila mwenye mnyama.

Mlango wa tatu ni utabibu wa mifugo. Makerere, Nairobi na Sokoine vyote ni vyuo vikuu vinavyotoa shahada hiyo kwa masomo ya miaka 5, na ziko stashahada za afya ya wanyama kwa mwenye muda mfupi zaidi. Daktari huyo hatategemea farasi peke yao. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wa polisi watamlisha.

Mlango wa nne ni wa kuwafunza farasi na kuwaongoza wapandaji. Katika Mbuga ya Ziwa Mburo watalii hupita katikati ya wanyama wakiwa juu ya farasi, na Kenya ina biashara ya namna hiyo iliyo kubwa zaidi. Kiongozi lazima ajue kupanda vizuri, kutoa huduma ya kwanza, kusoma nyayo za nyati na kuzungumza na mgeni kwa adabu. Askari anayo tayari nusu ya sifa hizo.

Mlango wa mashindano niutaje kwa ufupi, kwa kuwa ndio unaotamaniwa zaidi. Uwanja wa Ngong, Nairobi, umekuwa ukiendesha mbio za farasi tangu miaka ya 1950. Lakini mpanda farasi wa mbio aghalabu huwa na uzito wa kilo 50 hadi 58, na huanza angali kijana mdogo. Koplo wetu ana kilo 80. Mlango huo aupite akiuaga.

MPANGO WA HATUA KWA HATUA

Mtu hapangi vita siku ya vita. Ukiwa bado kazini, tumia likizo moja nzima kufanya kazi bandani, hata kama ni kwa posho ndogo au bila malipo. Fanya wiki mbili za samadi na ufagio. Ukirudi ungali na hamu, endelea. Ukirudi umechoka, hujapoteza kitu ila likizo.

Kabla ya siku hiyo nenda zahanati ukachanjwe pepopunda. Vijidudu vya maradhi hayo hukaa udongoni na katika mavi ya farasi, na mkono uliochubuliwa na msumari ni mlango wazi kwao. Farasi naye huchanjwa, kwa kuwa humwua upesi.

Kisha chagua ufundi mmoja na mwalimu mmoja. Mwombe kila anayekufunza akuandikie barua inayoonyesha tarehe na kazi uliyofanya, maana neno la mdomo halivuki mpaka. Jifunze maneno ya kazi kwa Kiingereza pia, kwa sababu wenye farasi wengi katika nchi zetu huitumia lugha hiyo.

Usinunue farasi kwa fedha za kiinua mgongo. Narudia: usinunue. Gari likikosa abiria huegeshwa na halili. Farasi akikosa mpandaji bado hula kilo zake 10, hunywa, huhitaji kwato na chanjo, naye huweza kuishi miaka 25 hadi 30. Fedha ya kwanza inunue vyombo vya ufundi na mafunzo. Mnyama wa kwanza awe wa mtu mwingine.

Wapo watakaovutwa na mazizi ya Ghuba, ambako farasi wa Kiarabu huheshimiwa na mashindano makubwa hufanywa. Lile la Dubai lenye jina la Kombe la Dunia lilianza mwaka 1996. Kazi iko huko, na watu wetu wengi wamekwisha kwenda kwa kazi za ulinzi. Lakini katika nchi kadhaa za huko kibali cha mgeni kimefungamanishwa na mwajiri wake kwa mpango uitwao kafala. Kwa hiyo usome mkataba wote kabla ya kutia sahihi, uhakikishe kazi iliyoandikwa ni ya farasi na wala si nyingine, uache nakala nyumbani, na upite kwa wakala mwenye leseni ya serikali. Pasipoti yako ni mali ya taifa uliyokabidhiwa wewe. Haiwekwi rehani.

Mwisho, ujue hatari. Teke huvunja mguu, na anguko huvunja shingo. Weka akiba na uwe na ufundi utakaoweza kuufanya hata siku utakaposhindwa kupanda.

PUNDA NAYE ANA KWATO

Msomaji atauliza: farasi wenyewe wako wangapi hapa kwetu? Ni wachache, nami sifichi. Lakini ujuzi wa kwato na wa msokoto hauishii kwa farasi. Ethiopia, iliyo mbele ya nchi zote za Afrika kwa wingi wa farasi, ina punda kwa mamilioni. Kenya ina punda wachotao maji na kuvuta mikokoteni, na huko Lamu, mji wa vichochoro visivyopitika kwa gari, kuna kituo cha matibabu ya punda tangu mwaka 1987.

Kisa kimoja nilimsimulia koplo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza liliuza farasi wake wengi huko Misri. Mwaka 1930 Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi, alifika Kairo akawakuta wale waliosalia: wazee, vipofu, wenye vidonda, wakivuta mawe mitaani, na alama ya jeshi ingali mwilini mwao. Mwaka 1931 aliandika gazetini kuomba msaada. Fedha zikaja, farasi wapatao 5,000 wakanunuliwa ili wapumzike, na mwaka 1934 hospitali ya wanyama ikafunguliwa. Shirika lililotokana na kazi hiyo hata leo lingali linahudumia farasi na punda wa maskini katika nchi mbalimbali, zikiwamo Kenya na Ethiopia, na huwafunza mafundi wa kwato wa huko huko.

Koplo alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Afande, wale farasi walikuwa askari wastaafu." Nikamjibu kwamba ndivyo, na kwamba aliyewaokoa alianza kwa kuwatazama miguu yao, wala hakuanza kwa kuwapanda.

Likizo yake ya mwaka huu ameiomba mapema. Hakwenda nyumbani. Alikwenda zizini, na barua aliyoniletea kutoka huko ilikuwa na doa la samadi pembeni. Ameniandikia kwamba siku ya tatu farasi alimkanyaga kidole, na siku ya kumi fundi alimruhusu kushika tupa. Tandiko, asema, hajalikalia bado.

Nimemwandikia kwamba yuko katika njia iliyonyoka.